Mawingu ya Mume wa Dobi

Kama wingu lingekuwa mtu mwenye jina na makazi, Mama Pasi angekwisha kulishitaki siku nyingi. Maisha yake yote alikuwa dobi, na dobi anayekausha nguo kwa jua ana adui mmoja tu hapa duniani. Kila asubuhi, kabla hajamjulia mtu hali, alitoka uani, akashika kiuno, akatazama juu kama mwenye nyumba amtazamavyo mpangaji mkorofi, kisha akasonya. Msonyo mfupi ulimaanisha kwamba shuka zitaanikwa. Msonyo mrefu, ule wa kuvutwa kutoka tumboni, uliwafanya majirani waingize kuni ndani. Si kwamba alikuwa na ujuzi wowote wa hali ya hewa. Alikosea mara nyingi, kwa maana aliona mvua hata penye ukungu wa alfajiri. Lakini alipokosea hakuna aliyethubutu kumwambia, na kuni za mtaa ule zilikuwa kavu kuliko za mtaa mwingine wowote.

Dharau yake haikuishia kwa mawingu ya juu. Aliyachukia hata yale ya mdomoni. Msichana aliyechumbiwa akisema anaelea mawinguni, Mama Pasi alimjibu bila kuinua macho kwenye meza ya kupigia pasi, “Huko kuna baridi na maji, mwanangu. Utarudi na kikohozi.” Aliyefikwa na msiba akisema wingu zito limemtanda, alimpa pole ya kweli, akamkalia matanga, akamwoshea vyombo; ila njiani akirudi alinong'ona kwamba wingu la namna ile halijapata kumlowesha mtu shuka. Na Mpigapicha wa pale njia panda, mzee mwenzake aliyezeeka bila kuacha majivuno, alipomwambia kwamba siku hizi picha zote zinahifadhiwa mawinguni, Mama Pasi alimtazama kwa huruma.

“Na mvua ikinyesha, shemeji?”

“Si mawingu hayo, shemeji. Ni kompyuta.”

“Basi mngeliita kabati. Mnapenda makuu.”

Sasa mwanamke wa namna hiyo aliolewa na mtu gani? Aliolewa na mchoraji wa mabango.

Wale wenye umri wangu wanayakumbuka mabango yale, kabla hayajaja haya ya plastiki ambayo yote yamezaliwa na mashine moja. Marehemu alichora vinyozi, maduka ya dawa, mafundi baiskeli, na kila bango alilolichora, liwe la biashara gani, lilikuwa na wingu. Kinyozi alichorwa akimnyoa mteja chini ya mawingu. Jino la daktari wa meno lilielea kati ya mawingu mawili kama malaika. Siku alipochora bango la bucha, Mama Pasi alisimama mbele yake na beseni kichwani, akauliza mbele za watu:

“Ng'ombe yuko buchani, ameshachinjwa. Mawingu ya nini?”

“Si ndiko alikokwenda,” alijibu mumewe, akaendelea kupaka.

Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache na chai iliyopoa. Alikaa uani chini ya kamba za nguo, ameelekeza uso juu, huku nzi wakimalizia kikombe chake. “Unayahesabu au unayachunga?” mkewe alimuuliza akipita na shuka za watu. Hakujibu. Ndipo akamwita Mchunga Mawingu, na jina likamganda kama gundi. Hata siku ya mazishi yake waombolezaji waliotoka mbali waliuliza nyumba ya Mchunga Mawingu, wakaonyeshwa. Alifia ngazini, brashi mkononi, akichora bango la duka la vioo; moyo ulisimama wingu likiwa nusu. Mama Pasi alilia kilio cha haki kabisa, lakini katikati ya kilio alisikika akisema kwamba laiti mtu yule angelichora vitu vya chini, viatu kwa mfano, hadi leo angekuwa hai.

Kazi kubwa ya marehemu haikuwa bango. Ilikuwa pazia la studio. Mpigapicha alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, na katika kiangazi kimoja cha ujana wao alimwomba amchoree kitambaa kipana cha kutundika nyuma ya wateja. Marehemu alijifungia katika chumba cha nyuma cha studio kiangazi kizima. Kitambaa kilipotundikwa, mji mzima ulijipanga. Mbingu ya bluu, mawingu meupe manono yaliyopandana kama mito ya kitanda cha tajiri! Maharusi walisimama pale, watoto wachanga wakashikiliwa pale, wastaafu wakaegemea fimbo zao pale. Watu ambao hawakupata kupanda hata ghorofa ya pili walisimama mbinguni na viatu vyao, wamekunja nyuso kama wenye hati ya kumiliki mahali hapo. Hakuna sebule ya mtaa ule iliyokosa picha yenye mawingu yale, isipokuwa moja.

“Mimi na mawingu hatukai picha moja,” alisema Mama Pasi. Na hakukaa.

Lazima nieleze jambo lililotokea kiangazi kile kile, maana bila hilo hadithi hii haina miguu. Dukani kwa Mama Pasi, pale alipopigia pasi nguo za watu, vitu vilianza kupotea. Si pesa wala nguo za watu. Ilikuwa bluu ya kufulia, vile vidonge vinavyotiwa katika maji ya mwisho ili nguo nyeupe zing'ae, pamoja na wanga wa kukazia kola. Alinunua, akaweka kabatini, na kila alipofungua kabati vilikuwa vimepungua.

Waliolifikia kabati lile walikuwa watatu. Yeye mwenyewe, wifi yake, yaani dada wa mumewe, aliyekuwa akipiga pasi naye tangu duka lilipofunguliwa, na mumewe, aliyepita tu kuchukua kofia yake. Mumewe, Mama Pasi hakumtilia shaka hata kidogo. Mtu asiyejua tofauti ya sabuni ya kufulia na ya kuogea angeibaje bluu, na aipeleke wapi? Akabaki wifi.

Hakumshutumu moja kwa moja. Kwanza alifunga kabati kwa kufuli, kisha, lilipofunguliwa kwa namna asiyoielewa, akaanza kutembea na funguo kiunoni, zikilia. Akachagua nyimbo za kanisani zenye dhambi ndani yake, akaziimba huku akipiga pasi, akimkata jicho wifi kila ulipofika ubeti wa wizi. Wifi alistahimili. Hatimaye, siku moja ya joto, Mama Pasi aliweka pasi juu ya kigae, akasema kwa sauti tamu kama asali iliyochacha:

“Wifi, shuka zako za nyumbani zimekuwa nyeupe sana siku hizi.”

Wifi alisimama. Alifungua aproni, akaikunja mara nne kwa unadhifu ule ule aliokunjia mashati ya watu, akaiweka mezani, akatoka. Mchunga Mawingu alikuwa uani, hatua chache tu kutoka dirishani. Alisikia kila neno. Dada yake alipita mbele yake, na yeye akatazama juu.

Tangu siku ile shaka ikamkalia wifi mtaa mzima. Hakuna aliyesema neno. Watu walisogeza tu mikoba yao alipopita. Alinunua cherehani, akafungua kibanda cha ushonaji barabara ya pili, na mawifi wale wakawa wanasalimiana kama ofisi mbili za serikali: kwa ufupi, kwa adabu, bila kusikilizana. Kaburini kwa Mchunga Mawingu mmoja alisimama upande huu na mwingine upande ule.

Basi ndipo binti wa Mama Pasi, mtoto wake wa pekee, alipopata mchumba. Binti huyo alikuwa muuguzi, mwenye upole wa baba na ulimi wa mama, mchanganyiko unaotisha. Siku chache kabla ya harusi alimjia mama yake, Mpigapicha akimfuata nyuma na bunda la kitambaa begani.

“Mama, Baba hayupo wa kunisindikiza. Nataka nipige picha mbele ya mawingu yake, asimame nyuma yangu. Na Shangazi asimame kando yangu.”

“Shangazi yako amekubali?”

“Amesema kanisani atakuja. Penye picha hasimami na mtu anayehesabu vitu vyake.”

Mama Pasi alibetua midomo.

Mpigapicha alilitua bunda lake, akalikunjua uani. Kusema kweli lilitia aibu. Vichwa vya miaka mingi vilivyopakwa mafuta vilikuwa vimeegemea pale, na kila kichwa kiliacha muhuri wake. Upande mmoja ulikuwa na moshi wa taa, kona ya chini ilikuwa na koga.

“Mimi nilimwambia binti,” alisema Mpigapicha, “ninalo pazia jipya la maghorofa, limechapishwa ng'ambo. Hataki. Haya, lakini hili hali yake unaiona.”

“Mama, wewe hakuna doa linalokushinda,” alisema binti.

Maneno hayo yalikuwa kweli, na aliyeyasema aliyajua makali yake. Mama Pasi alilizunguka pazia kama askari anayemzunguka mlevi.

“Litatakata. Na mawingu yakitoka pamoja na uchafu, msinililie.”

Wakacheka wote watatu, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba pazia lilichorwa kwa rangi ya mafuta kama mabango. Mama Pasi mwenyewe alikuwa ameikwangua rangi hiyo katika mashati ya mumewe maisha yake yote. Alijua haitishiki kwa maji.

Walipoondoka alichota maji ya vuguvugu, akatia sabuni, akaanza na ile kona yenye koga. Aliichovya katika karai na kuifikicha mara mbili tatu, kwa dharau yote aliyokuwa ameiweka akiba.

Maji yakageuka bluu.

Aliinua kona. Palipokuwa na mbingu na wingu zima palikuwa na kitambaa kitupu, cheupe kama siku kilipotoka dukani. Alitumbukiza vidole karaini. Maji yalikuwa na utelezi wa wanga. Na bluu ile haikuwa ya mchoraji yeyote. Ilikuwa ile ile aliyoitia katika maji ya mwisho ya shuka za mji mzima, angeitambua hata gizani. Mbingu ilikuwa bluu yake. Mawingu yalikuwa wanga wake. Maharusi wote wale, wastaafu wote na fimbo zao, walikuwa wamesimama mbele ya kabati lake.

Alikalia ndoo iliyopinduliwa.

“Mwizi nimempata,” aliwaambia kuku wa jirani.

Kwanza alimkasirikia marehemu, na kumkasirikia marehemu ni kazi ya kuchosha kwa kuwa hajibu; ingawa yeye hata akiwa hai hakuwa na desturi hiyo. Angeomba! Angesema tu, mke wangu, nipe bluu kidogo. Angempa? Mama Pasi alilitazama swali hilo, akalisonya. Asingempa. Lakini kisha akamkumbuka pale uani, dada yake akipita mbele yake na heshima yake imevuliwa, na yeye akiinua uso juu kwa upole ule uliowapendeza watu. Miaka yote mkewe alidhani mtu yule alitazama mawingu kwa kuyapenda. Kumbe siku ile aliyatazama ili asitazame kitu kingine.

Maji yalikuwa karaini. Angeweza kuyamwaga. Hakuna aliyeona. Angesema kona imeliwa na koga, binti angesimama mbele ya baba yake asiye na doa, na wifi angeendelea na cherehani yake, kama alivyozoea. Harusi ni siku ya kumvunjia mtu heshima ya baba yake? Mama Pasi alishika ukingo wa karai, akaliinamisha. Maji yakafika mdomoni mwa karai, yakatetemeka hapo.

Akaliinua, akalitia kichwani, akatoka.

“Mama Pasi, unapeleka wapi maji ya bluu?” aliuliza muuza mkaa.

“Kwa mwenyewe.”

Kibandani, wifi alikuwa akipinda upindo wa sketi kwa mkono. Hakuinuka.

“Karibu, mteja.”

“Si mteja. Wifi, tazama maji haya.”

Wifi aliyatazama yalivyomtiririka Mama Pasi shavuni. “Bluu.”

“Ya wapi?”

“Ya dukani kwako. Nimeitia kwa mikono hii, nitaisahau?”

“Imetoka katika mawingu ya kaka yako.”

Wifi alikata uzi kwa meno, bila haraka. “Nilijua.”

“Ulijua?”

“Kucha zake zilikuwa za bluu kiangazi kizima. Wewe uliona nini? Ulikuwa unatazama kamba za nguo.”

“Na ukanyamaza!”

“Ningesema, ungenisadiki? Ungesema mwizi anamsingizia kaka yake. Halafu nilitaka aseme mwenyewe. Nikasubiri. Nikasubiri mpaka tukamzika. Hata pale kaburini nilikuwa nasema moyoni, haya, kaka, sema sasa basi.”

Mama Pasi alitaka kucheka na hakuweza. Alikuwa bado amesimama, karai kichwani, maji yakimchuruzika sikioni.

“Nimekuletea karai,” alisema.

“Naliona. La kuogea linatosha. La kuomba radhi ni dogo.”

Wapita njia walianza kupunguza mwendo, kwa kuwa watu hunusa habari za namna hiyo kama siafu wanavyonusa mafuta. Mama Pasi aliwaona, akaona pia kwamba hakuna pa kujificha, akalitua karai chini.

“Nisamehe, wifi. Nilikutupia wingu lisilokuwa lako.”

“Sema kwa sauti. Cherehani inapiga kelele.”

Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa tangu asubuhi.

“Nisamehe, wifi!” alipaza sauti Mama Pasi, hata muuza mkaa kule mbali akasikia. “Hukuiba! Aliyeiba ni mume wangu, na mimi nilikuwa mjinga!”

“Hapo umesema,” alijibu wifi. “Keti. Mabega yote yamelowa.”

Jioni ile walimweleza binti, wakiwa wameketi wote wawili kwenye kitanda chake kama watoto waliovunja chungu. Alisikiliza kwa utulivu wa wauguzi.

“Kwa hiyo Baba aliiba.”

“Aliiba,” alisema mama yake, “na akanyamaza, na akatazama juu.”

Binti aliizungusha pete ya uchumba kidoleni. Kisha akasema, “Basi asimame nyuma yangu hivyo hivyo. Ila kona irudishwe.”

Nani wa kuirudisha? Mpigapicha alisema yeye hujua kupiga tu. Wifi alisema mkono wake ni wa sindano. Ikambidi Mama Pasi, ambaye hajapata kushika brashi isipokuwa ya viatu, akoroge bluu yake na kupika wanga wake. Alama za vichwa alizisugua kwa chaki na kitambaa kikavu, zikafifia. Bluu ilikaa vizuri. Lakini wingu! Alijaribu kulifanya nono na la upole kama mengine, mkono ukakataa. Maisha yake yote hakuwahi kulitazama wingu la namna hiyo. Lile la kupendeza hakuwa na haja nalo. Alilolijua lilikuwa moja tu, lile linalokuja nguo zikiwa kambani. Akachota masizi ya pasi ya mkaa, akayatia katika wanga, akapaka. Ukakusanyika kwenye kona ile weusi mzito wenye tumbo, uliokaribia kudondoka.

Mpigapicha alilitundika pazia, akarudi nyuma, akashika kidevu.

“Shemeji, hili litatunyeshea. Usijali, nitalifuta kwa kompyuta.”

“Lifute, uone.”

Siku ya harusi walijipanga. Bwana arusi na binti katikati, wifi kulia kwa binti, moja kwa moja chini ya ile kona, amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Mama Pasi alikuwa ameviringisha mikono mlangoni, mbali na mawingu, kama desturi yake. Wifi alitazama juu ya kichwa chake, akamtazama mlangoni.

“Wifi, njoo hapa. Chini ya hili mimi nimekaa vya kutosha. Leo zamu yako.”

Watu walicheka. Mama Pasi alijongea kwa hatua za mtu anayekwenda kuchomwa sindano. Wifi akasogea, akampisha nafasi, kisha akamshika mkono ili asikimbie. Kwa mara ya kwanza Mama Pasi akasimama mbele ya mbingu ya mumewe.

“Tazameni hapa,” alisema Mpigapicha. “Tabasamu!”

Wote walitabasamu. Mama Pasi hakuweza kujizuia. Macho yalimpanda yenyewe hadi kwenye kona ile, kwa mazoea ya kila asubuhi, na mdomo ukajivuta. Mwanga ukamulika hapo hapo.

Mpigapicha aliomba warudie. Binti alikataa. Picha ile imetundikwa sebuleni kwake hadi leo, na wageni wanaoitazama kwa mara ya kwanza huuliza huyo mama anayesonya ni nani, na anamsonya nani.

“Ni mama yangu,” binti huwajibu. “Anaongea na Baba.”